Sauti ya Mshika Kichwa

Swaibu Osundwa hanoi kisu ugenini. Hukinoa kwake nyumbani, nyuma ya jiko, juu ya jiwe ambalo marehemu baba yake alihama nalo kutoka Mumias. Kisha hukifunga kwa kitambaa, akakitia ndani ya mfuko pamoja na kofia yake na chupa ya maji, na tangu hapo hakuna kiumbe anayekiona mpaka kihitajike. Baba yake alimfundisha kwamba ukinoa kisu mbele ya mnyama umemwua mara mbili. Alimfundisha pia asimchinje mmoja mwenzake akitazama, na asimburute anayeweza kutembea. Swaibu ameyashika hayo mpaka mvi zimempata.

Pande za Malava maboma mengi ni ya Wakristo, lakini hakuna boma lisilo na jirani, mkwe au rafiki Mwislamu, na hakuna mwenye msiba anayetaka mgeni wake arudi nyumbani bila kugusa nyama. Kwa hiyo ng'ombe wa matanga huitiwa Swaibu, na wa harusi vilevile, ingawa harusi ni chache kuliko matanga. Watu humwita shehe kwa utani. Yeye si shehe. Ni mtu wa kisu tu, na Ijumaa huswali safu ya nyuma.

Chrispinus, kijana wa bodaboda anayembeba, hulalamika kila mara.

"Mzee, leo tupite njia ya nyuma. Juzi nilikupitisha sokoni, sijafika hata kwa daraja, simu zinalia: nani amekufa?"

"Ungewaambia ni harusi."

"Harusi na hiyo sura yako? Wewe ukionekana barabarani, mzee, kila mtu anaanza kukumbuka mgonjwa wake."

Swaibu hucheka, kwa kuwa ni kweli.

Kwa miaka mingi kazi hiyo hakuifanya peke yake. Alikuwa na Jairus. Jairus alikuwa mkulima wa miwa nje kidogo ya Malava, mrefu, mkimya kanisani na msemaji zizini. Walijuana siku ya matanga ya baba yake Jairus, pale ng'ombe aliposumbua, wanaume wakawa wanapiga kelele na kuvuta kamba kila mmoja upande wake, naye mfiwa mwenyewe akatoka nyumbani, akawaambia waachie. Akamwendea yule ng'ombe, akamkuna chini ya kidevu, akaanza kumwongelesha. Ng'ombe akatulia. Tangu siku hiyo, Swaibu akiitwa popote, Butere ama Lugari, alimwomba mwenye shughuli nauli ya watu wawili: mshika kisu na mshika kichwa.

Jairus alikuwa na sauti yake ya kazi. Ilikuwa ya chini, tamu, haipandi wala haishuki. "Twende, mzee," alimwambia ng'ombe. "Twende tuone maji. Leo hakuna jembe. Leo ni kupumzika tu. Hapo mbele kuna kivuli, umeona? Twende polepole." Na ng'ombe alimfuata, kamba imelegea, mpaka mahali palipoandaliwa. Swaibu alikuwa akingoja upande wa pili, mkono wa kulia umefichwa ndani ya kanzu.

Jambo moja tu waliwahi kubishania, na lilitokea Butere. Ng'ombe wa siku hiyo alifika langoni akagoma. Alisimama akitetemeka ngozi nzima, akajikojolea, na machozi yakachora mistari miwili usoni mwake. Jairus alimsemesha mpaka sauti ikakauka. Mwishowe wanaume walileta kamba zaidi, wakamwangusha palepale langoni.

Walipokuwa wakinywa chai baadaye, Jairus hakugusa maini aliyopewa.

"Yule alijua," alisema.

"Alinusa. Vijana walichinja mbuzi hapo asubuhi, damu ilimwagika njiani."

"Sasa alinusa nini, kama si kifo?"

"Damu. Kwake ni harufu tu."

"Na wewe ukipita karibu na mochari, unasikianga harufu tu?"

"Mimi nina akili, Jairus. Ng'ombe anajua malisho, anajua maji, anajua njia ya kwao. Kufa hakujui. Ndiyo maana tunaficha kisu. Tukikificha vizuri, hana la kujua. Ukiona ametulia, hajui."

Jairus alimtazama kidogo, kisha akavuta sahani ya maini. "Basi sawa, shehe," alisema. "Wewe ndiye unayejua mambo ya dini."

Ukiona ametulia, hajui. Swaibu aliyasema maneno hayo kwenye maboma mengi, kabla ya Butere na baada yake, kwa wenye mifugo walioshindwa kutazama, kwa akina mama waliokuwa wakimenya viazi. Hayakuwa ya kuwafariji wao tu. Mtu aliyekata shingo nyingi kama yeye huhitaji neno la kulalia, na hilo ndilo lilikuwa lake.

Chakula kilianza kumkwama Jairus wakati wa palizi. Kwanza obusuma, ugali wa kwao mgumu ambao hakuacha kuusifu mbele ya walaji wali, kisha viazi, kisha hata mboga ilibidi aisukume kwa maji. Erastus, mwanawe mkubwa, fundi wa magari huko Eldoret, alikuja akamchukua akampeleka hospitali. Daktari akamvuta Erastus pembeni, na yaliyosemwa pembeni yakabaki pembeni. Ilikuwa kansa ya koo, nayo ilikuwa imeshapita pale pa kukata. Apelekwe nyumbani, apewe uji na dawa ya maumivu. Erastus alipotoka alimwambia baba yake kwamba ni vidonda tu, vitafunga, mradi asile kitu kigumu.

Nyumba nzima ikashika neno hilohilo. Haikuwa kwa ubaya. Pande zile mtu haambiwi kwamba anakufa. Anayemwambia ndiye huhesabiwa kuwa amemsukuma. Nanjala, mkewe, akawa mkali kuliko wote. Kila mgeni aliyekuja kumjulia hali alisimamishwa kwanza jikoni na kuonywa.

Asubuhi moja Erastus alimpigia Swaibu simu.

"Baba, njoo umsalimie mzee. Na ukifika, mtupie jicho pia Simiti. Tunataka kujua kama atatosha watu, ama tuanze kutafuta mwingine."

Simiti alikuwa maksai wa Jairus wa kulimia, wa rangi ya kijivu, aliyemlea tangu akiwa ndama.

"Lakini mzee bado yupo?" aliuliza.

"Yupo. Anaongea kidogo. Ndiyo nasema, usimwambie kitu."

Swaibu aliacha mfuko nyumbani, na kisu ndani yake. Alidhani hapo amekwisha kuficha la kufichwa.

Alipoingia bomani aliona mengi bila kuyatafuta. Ua wa pande zote mbili za lango ulikuwa umekatwa, lango limepanuka. Nyuma ya ghala kulikuwa na kuni za mkalitusi, zimepasuliwa na kupangwa vizuri, zimefunikwa mabati. Simiti alikuwa amefungwa chini ya mpera, akitafuna. Swaibu akamwendea na Erastus, na mkono wake ukafanya ulivyozoea. Kiganja kilianzia chini ya sikio, kikateremka shingoni mpaka kifuani, kikabonyeza nundu, kikafunua mdomo wa chini kuona meno. Kisha Swaibu akarudi nyuma hatua chache akamtazama ng'ombe kwa upana.

"Atatosha," alimwambia Erastus kwa sauti ndogo.

Alipogeuka kuelekea nyumbani, aliona pazia la dirisha limeinuliwa kwa kidole kimoja. Nyuma ya kidole hicho alikuwa Jairus, ambaye Swaibu alikuwa ameambiwa amelala.

Swaibu akaingia. Jairus alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi magotini, mashavu yameingia ndani. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayesemea ndani ya kitambaa.

"Karibu, shehe. Umemwonaje?"

"Nani?"

"Simiti. Si nimekuona ukimpima?"

"Nilikuwa namsalimia tu. Amenenepa."

"Atakosaje kunenepa? Hajavuta jembe tangu nilale." Jairus akameza mate kwa shida, akingoja yapite. "Atatosha?"

Swaibu akatazama sakafu. Jairus akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kilipoisha alijipangusa macho.

"Usihangaike, bwana. Najua kisu umekiacha nyumbani. Umekuja mikono mitupu kama mkwe aliyefukuzwa. Lakini mkono umeusahau. Mkono huo naujua mimi."

"Nani amekuambia?"

"Mimi nani aniambie? Wamekata ua wa lango. Gari gani litaingia hapa, Swaibu? Mimi ninamiliki gari? Naskia shoka huko nyuma, nauliza, wananiambia ni kuni za kuuza. Sawa. Lakini si hayo. Ni sauti."

"Sauti gani?"

"Yangu. Ile ya ng'ombe." Jairus akaiinua, au akaiteremsha, kadiri koo lilivyomruhusu. "'Mzee, kunywa uji kidogo upate nguvu. Mzee, ukipata nafuu tutakupeleka Lugari uone mahindi ya shemeji. Mzee, pumzika tu.' Mwanangu huyo. Haipandi, haishuki. Akiwa mtoto alikuwanga anakaa kwa ua akinisikiliza nikiwaongelesha, sasa ameijua kuliko mimi mwenyewe. Kila akinisemesha, nasikia mkono chini ya kidevu."

"Na ukisikia hivyo, mbona humwambii?"

"Nimwambie ndio niende wapi? Yule wa Butere alikataa. Tulimfanya nini? Si tuliongeza kamba?"

"Ng'ombe hajui, Jairus," Swaibu akasema. Yalimtoka yenyewe, kama mtu anavyoitikia salamu.

Jairus akamtazama bila hasira. "Wewe ulikuwa upande wa kisu," alisema. "Mimi nilikuwa upande wa macho. Nilikuacha useme hivyo kwa sababu niliona unahitaji."

Nje Simiti alipiga mkia mpera, majani yakaanguka. Wote wawili walimtazama kidogo.

"Sikiliza," Jairus akasema. "Hili koo linafunga. Kila nikiamka sauti imepungua. Nina neno moja na Nanjala kabla halijafunga kabisa. Nataka tuagane, basi. Kila nikianza, 'Mama Erastus, mimi nikienda,' ananikata: 'Huendi popote, kwa jina la Yesu.' Anachukua kikombe, anatoka. Naskia huko nyuma ya jiko analia. Kisha anarudi amenawa uso, ananiambia moshi umemwingia. Nimekaa na yule mama tangu sina hata ndevu. Nitaondoka bila neno, kama mpangaji anayekwepa kodi?"

"Unataka nifanye nini?"

"Mwambie ninajua. Akikubali kwamba ninajua, tutaongea. Wewe atakusikia. Ulikuwanga unasikizwa hapa."

Swaibu akaenda jikoni. Nanjala alikuwa akichambua mrenda kwenye ungo, akitupa vijiti upande bila kuvitazama.

"Umemwona, Baba Rukia?" alimuuliza Swaibu, akimwita kwa jina la bintiye. "Leo ana afadhali. Ameketi."

"Nimemwona, Mama Erastus. Ameniomba nikuambie jambo. Anajua."

Mikono ya Nanjala haikusimama. "Anajua nini?"

"Hali yake. Anataka muongee wakati sauti bado iko."

"Umemwambia?"

"Sikumwambia. Amejua mwenyewe."

"Hajui." Nanjala akaweka ungo chini. "Mimi ndiye ninalala naye. Mtu anayejua anakaa vile? Hata kulia haliangi. Halalamiki. Ukimpa uji anafungua mdomo, ukimwambia lala analala. Angejua, hii nyumba ingekuwa na kelele."

"Mtu anaweza kunyamaza na anajua."

"Si wewe ndiye hutuambianga, Baba Rukia?" Akamkazia macho. "Kwa matanga ya baba mkwe ulisema hapahapa, nimeketi na hawa mama wengine. Ukiona ametulia, hajui. Nililishika hilo neno. Mungu anajua ndilo linanibeba saa hii. Sasa unataka kuniambia ulikuwa unatudanganya?"

Swaibu alifungua mdomo. Akaona macho ya yule mama yamevimba, moshi au si moshi, na mikono yake imeshaanza tena kutafuta mboga kwenye ungo. Akikiri kwamba neno lile halikuwa kweli, atakuwa amemnyang'anya kitu cha mwisho anachoshikilia. Asipokiri, basi yule wa dirishani ndiye atakayekosa. Alisimama hapo akipima, na alipokuwa bado anapima Erastus akaingia, akamshika kiwiko.

"Twende, baba," Erastus akasema. "Twende nikusindikize. Mzee anahitaji kupumzika sasa. Njia imekauka vizuri, utaona, twende polepole."

Na Swaibu alimfuata. Alikuwa ameshapita lango ndipo aliposikia jinsi alivyosemeshwa. Akageuka. Pazia lilikuwa bado limeinuliwa kwa kidole. Kisha likashuka.

Alirudi Ijumaa baada ya swala, akiwa ameazimia kumwambia Nanjala ukweli hata kama atamfukuza kwa mwiko. Alimkuta Jairus kitandani. Sauti ilikuwa imekwisha. Alikuwa akitoa pumzi tu, yenye mkwaruzo. Nanjala alikuwa ameketi kando yake na kijiko na kikombe cha maji, na hakutoka chumbani hata mara moja.

"Rafiki yako amekuja," alimwambia mumewe. "Ukipona mtaenda tena kazi zenu, ama namna gani? Shehe anakungoja."

Jairus akamtazama Swaibu. Lilikuwa swali, na Swaibu alilielewa. Akatikisa kichwa kidogo, la. Hata angesema sasa, mwenye kujibu hakuwa na cha kujibia.

Jairus akafumba macho. Kijiko kilipogusa mdomo wake, akaufungua.

Alikufa Jumapili asubuhi, wengine wakiwa kanisani. Nanjala alikuwa ameenda kuteka maji.

Siku moja kabla ya maziko Swaibu aliitwa, na alifika jua likiwa bado changa. Chrispinus alimteremsha langoni, na safari hii hakuwa na utani. Alisema tu, "Pole, mzee," akasukuma pikipiki mbali kabla ya kuiwasha. Gari la mwili lilitarajiwa mchana, na lango lilikuwa linatosha.

Wanaume walikuwa wameshasafisha mahali nyuma ya ghala. Hakukuwa na mshika kichwa. Erastus akasema atashika yeye.

Akamwendea Simiti chini ya mpera, akamkuna chini ya kidevu, akaanza. "Twende, mzee. Leo hakuna jembe. Leo ni kupumzika tu." Ilikuwa sauti ya Jairus hasa, hata mzee mmoja aliyeketi karibu na kuni aligeuka kutazama. Simiti akaja. Kamba ilikuwa imelegea. Lakini Erastus hakuijua kazi yote: alimleta kwa upande usio sahihi. Siku zote Jairus aliweka kifua chake kati ya jicho la ng'ombe na Swaibu. Sasa hapakuwa na kitu katikati.

Simiti alimtazama Swaibu usoni. Akateremsha macho mpaka kwenye mkono uliofichwa ndani ya kanzu, yakakaa hapo kitambo. Kisha akageuza kichwa kuelekea nyumbani, kwenye dirisha lenye pazia, akalitazama kama anayengoja mtu atoke. Hakuna aliyetoka. Akashusha pumzi ndefu, akakunja magoti ya mbele mwenyewe, wanaume wakiwa bado wanapitisha kamba.

"Ng'ombe mpole huyu!" mmoja akasema. "Hata hajui kinachoendelea."

"Si ni wa Jairus," mwingine akajibu. "Alilelewa vizuri."

Wakamlaza, wakamwelekeza kibla. Swaibu akapiga magoti. Mkono ulikuwa ndani ya kanzu na haukutoka. Jicho lilikuwa karibu sana naye, kubwa, jeusi, na ndani yake alijiona mwenyewe na kofia yake, na nyuma yake mbingu.

"Baba," Erastus akasema taratibu. "Tunakungoja."

Swaibu akalitaja jina la Mungu, akafanya kazi yake. Aliifanya haraka na vizuri kama siku zote. Hakukuwa na kingine cha kumpa.

Alikuwa akifukia damu kwa udongo alipomwona Nanjala anakuja, amevaa leso kichwani, wanawake wawili wamemshika mikono. Akasimama mbele ya Swaibu. Uso wake ulikuwa umezeeka.

"Wamesema hakusumbua," alisema.

"Hakusumbua."

"Kama mwenyewe." Akavuta pumzi. "Baba Rukia, mimi kuna kitu kimoja tu nashukuru. Mzee wangu hakubeba wasiwasi. Alienda ametulia. Wewe ulikaa naye. Usinifiche. Hakujua, sivyo?"

Lile neno la Jairus lilikuwa bado zima kifuani mwa Swaibu, halijapunguka hata kidogo, na mwenyewe alikuwa njiani kwenye gari kutoka mochari. Swaibu akapangusa udongo kwenye mkono wake wa kulia. Wanawake wawili walikuwa wakimtazama, na Erastus pia.

"Hakujua, Mama Erastus," alisema, kwa sauti ya chini, isiyopanda wala kushuka. "Alikuwa anapumzika tu. Hebu nenda ukakae pale kwenye kivuli."

Nanjala akaitikia kwa kichwa, akageuka, akaenda alikoelekezwa.